Yaweke Pembeni

Mimi si mwepesi wa kuamini mambo. Kazi yangu ni makaratasi ya makontena pale bandarini, na kontena ama lina karatasi zake ama halina. Kwa hiyo nikikuhadithia yaliyotokea kwa dada yangu Jedidah kule Westville, hapa Durban, usidhani nimekaa mahali nikajitungia. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Machache ambayo sikuyaona nimeyasikia kwa Jedidah mwenyewe, naye hajui kutia chumvi hata kwenye mboga.

Jedidah anafundisha takwimu chuoni. Hana mume na hapendi kuulizwa. Ni mtu wa mpangilio: vijiko vyake vyote vinalala upande mmoja, na mimi mdogo wake nikienda kumtembelea ananivulisha viatu mlangoni kama mtoto wa chekechea. Mwaka juzi alinunua nyumba ya kikongwe mmoja wa kizungu aliyekuwa amefariki. Binti wa marehemu alipomkabidhi funguo alifurahi sana kusikia kwamba sisi ni watu wa Nyeri. Babu yake, alisema, alikuwa na shamba upande ule ule, na uhuru wa Kenya ulipofika alifunga virago akahamia Durban na kila alichokipenda, hata mbwa.

Ndani ya gereji walikuwa wameacha sanduku la picha kuukuu. Moja ilipigwa kwenye uwanja wa nyumba ile ile: wazungu wanne, mbwa mmoja, na nyuma yao mzee Mwafrika mwenye kanzu nyeupe, ameshika sinia. Nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika majina ya wote kwa Kiingereza. Mbwa aliitwa Simba. Mzee wa sinia aliandikwa tu "na mpishi wetu". Niliudhika, nakumbuka. Mbwa ana jina na mtu hana! Jedidah alisema hiyo ni historia, akairudisha picha sandukuni.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Septemba, Mama alikuja kutoka Nyeri kufanyiwa upasuaji wa jicho. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na Jedidah hakutaka kusikia habari za kusubiri foleni nyumbani. Mama ni mfupi, kichwa chake kinanifika kwapani, lakini sauti yake inatosha watu wawili. Alifanyiwa jicho la kulia siku ya Alhamisi, salama kabisa, akarudi Westville Ijumaa akiwa amefungwa kitambaa. Tuliambiwa tukifungue wenyewe Jumatano. La kushoto lilikuwa bado na ukungu. Aliona vivuli na rangi nyeupe, basi.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala, kwa hiyo nilikaa nje nikimtazama Jedidah akipanga upya bustani yake ya viungo. Sisi tumekulia kwenye masika na vuli, lakini Jedidah alikuwa amesoma kwamba hapa mwezi wa tisa ndio wa kugawa mimea ya kudumu na kuihamisha, na akishasoma kitu hakuna wa kumzuia. Alikuwa ameuchora mpango kwa penseli na rula. Mimea mifupi mbele, mirefu nyuma. Rozmari na lavenda juani, mahali pasipotuama maji. Mchaichai ukutani. Dania karibu na jikoni. Nanaa kwenye chungu peke yake, kwa sababu nanaa ukiiacha huru inakula bustani nzima.

Aliyeshika jembe ni Anaclet. Huyu ni Mkongo wa Uvira, wa miaka hamsini hivi, kwao alikuwa bwana shamba, hapa anatunza bustani za watu, na kwa Jedidah huja Jumamosi tu. Kiswahili chake ni kile cha iko-iko, cha Jedidah ni cha Kenya. Wanaelewana nusu, na nusu nyingine wanaimalizia kwa mikono.

Katikati ya tuta kulikuwa na kizuizi. Maua manne makubwa, yale yenye majani mapana mepesi kama mikanda na shina la chini linalofanana na kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto. Yalikuwa yamekaa kwenye pembe nne za kipande kirefu, chembamba. Anaclet alipima urefu wake kwa mpini wa jembe ili ajue mbolea ya kutosha: mipini miwili kasoro kidogo. Ndani ya kipande kile nanaa ilikuwa imestawi kuliko mahali pengine popote. Tuliona ni bahati ya udongo.

"Madame, na haya makubwa je?" Anaclet aliuliza. "Iko ine. Mizizi yake inaenda chini sana."

Jedidah alikuwa na simu sikioni, mwanafunzi akimlilia habari ya alama.

"Yaweke pembeni," alisema, kiganja kimefunika simu.

"Pembeni ya nyumba? Ku ma-coin?"

"Ndiyo, ndiyo, pembeni tu. Nitaamua baadaye."

Yeye alimaanisha yawekwe kando. Anaclet alisikia pembe. Maua manne, na nyumba ina pembe nne. Kwa akili ya kawaida mimi pia ningeelewa hivyo. Alichimba, akahamisha, akashindilia udongo, akamwagilia. Jedidah alipomaliza simu alizunguka nyumba akayakuta yamesimama, moja kila kona, wima kama askari. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Wacha yakae," alisema. "Pamependeza."

Alipiga picha, akaziweka kwenye grupu ya familia, ya kabla na ya baada.

Kwenye shimo la ua la nne kulitoka kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Anaclet alikigeuzageuza mkononi.

"Hiki hakikutupwa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kilikuwa kimefudikizwa. Mutu alikilalisha muzuri."

Jedidah alikisugua kwa magadi, kikatakata, akakiweka dirishani kando ya sinki.

Jumapili tumbili hawakuja. Kama umewahi kuishi Westville unajua maana yake. Wale tumbili wa kijivu huingia jikoni kama wenye nyumba, wanafungua mkate, wanakutazama usoni huku wanakula. Siku ile walikaa juu ya ukuta wa mpakani, kumi na mmoja, wamepangana kimya, wanatazama nyumba. Jedidah aliwatupia ndizi. Haikuguswa.

Jumanne nilimpigia Mama mchana kutoka ofisini. Jedidah alikuwa kazini na sikupenda Mama akae peke yake na redio.

"Siko peke yangu," alisema. "Niko na yule mtu wenu wa bustani. Ana adabu sana. Saa kumi ikifika ananiletea chai, na anaifunika na kisahani kama ninavyopenda."

"Anaclet?"

"Sijui jina. Lakini Kikuyu chake, Billy! Kikuyu cha zamani, cha baba yangu. Nyinyi watoto hamkijui hata nusu."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Nilimpigia Anaclet.

"Mimi? Kikuyu?" alisema. "Ndugu Billy, Nairobi nilipita siku mbili, ndani ya bisi. Na kwa Madame naenda Samedi tu. Sasa hivi niko Pinetown, ju ya ngazi."

Nilimpigia Jedidah. Alikuwa na wazo lake tayari: Mama amechanganyikiwa kidogo kwa dawa za usingizi, jambo hilo hutokea kwa wazee. Chai je? Anajipikia mwenyewe kwa kupapasa, halafu anasahau. Alilisema hilo kwa sauti ya darasani, nami nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Jumatano niliomba ruhusa ya nusu siku. Anaclet naye alikuja. Alisema tu kwamba roho haikutulia. Tulimkalisha Mama kwenye kiti cha sebuleni, Jedidah akanawa mikono, akafungua kitambaa taratibu. Mama alipepesa. Machozi yalimtoka. Alimtazama Jedidah, akamshika mashavu, akamwambia amekonda. Alinitazama mimi, akasema mimi sijakonda. Wote tulicheka. Kisha macho yake yakaenda kwa Anaclet.

"Huyu ni nani?"

"Si ndiye Anaclet, Mama," Jedidah alisema. "Wa bustani."

"Bonjour, Maman," Anaclet alisema.

Mama alinyoosha shingo kuangalia nyuma yake, kuelekea mlango wa jikoni.

"Na yule mzee wa kanzu amekwenda wapi?"

Jedidah alitoka kwenda gereji, akarudi na picha. Aliiweka tu mapajani mwa Mama. Mama aliisogeza karibu na jicho lake jipya, akaweka kidole kwenye kanzu.

"Si ndiye huyu. Anaitwa Kiragu, wa Tetu, kule kwetu Nyeri. Alikuja na wazungu wake, wakamwambia ni mwaka mmoja tu halafu watamrudisha." Aliigeuza picha, akasoma maandishi ya nyuma, midomo ikitembea. "Mbona hawakumwandika?"

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Najua kwa sababu nilitazama saa ya ukutani ili nisimtazame mtu.

Jikoni maji yalianza kuchemka.

Birika la umeme lilikuwa limechomolewa. Nilikuwa nimelichomoa mimi, ili nichaji simu. Tulisikia maji yakipanda, yakitokota, yakitulia. Tulisikia kijiko. Sisi watatu tulisimama. Hakuna aliyesogea. Jedidah alinishika mkono, na Jedidah si mtu wa kushika mikono.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alisema jambo kwa Kikuyu, kwa upole, kama mtu anayeshukuru. Nilipogeuka, kwenye kimeza kando ya kiti chake palikuwa na kile kikombe cha bati. Kimefunikwa na kisahani. Mvuke ulikuwa unatoka ukingoni.

"Kunyweni nanyi," Mama alisema. "Ni ya nanaa."

Nitasema ukweli wangu: niliogopa mpaka nikatamani kumwacha mama yangu pale nikimbie. Usiku ule hatukulala, hata Jedidah. Tulimsihi Mama twende kwangu mjini. Alisema amechoka, kesho. Siku ya pili alisema kesho tena. Jedidah alilala naye chumba kimoja taa ikiwaka usiku wa Alhamisi, na hakuna kilichotokea, alisema, ila nyumba nzima ilinuka rozmari.

Ijumaa asubuhi alikuwa na miadi ya daktari. Nilileta gari hadi mlangoni. Mama alivaa koti, akachukua mkoba, akaja vizuri tu, akizungumza, hadi kwenye kizingiti. Hapo akasimama.

"Twende, Mama."

"Naenda."

Hakwenda. Alitazama chini kwenye miguu yake.

"Billy," alisema. "Miguu imekataa."

Nilimshika mkono nikamvuta polepole. Hakusogea. Nilimzungushia mikono kiunoni nikamnyanyua, mama yangu ambaye huwa namnyanyua kwa mkono mmoja tukifanya mzaha wakati wa Krismasi. Hakunyanyuka. Alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Jedidah alishika upande wa pili. Tulivuta mpaka Mama akapiga kelele kwamba tunamuumiza. Tulipomrudisha nyuma hatua moja, ndani ya nyumba, alikuwa mwepesi tena. Alitembea hadi dirishani mwenyewe, akasimama hapo akipangusa jasho.

Ndipo akaliona. Jicho lake jipya liliona mpaka kona ya nyumba.

"Nani amepanda itoka pale?"

"Lile ua?" Jedidah alisema. "Tulilihamisha tu. Yapo manne, kila kona moja."

"Mliyatoa wapi?"

Jedidah alimwonyesha picha ya kabla, kwenye simu. Mama aliikodolea macho muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Jedidah, umesoma mpaka umemaliza vitabu na hujui itoka? Itoka ni mpaka. Kwetu mtu hupandiwa itoka kwenye pembe za ardhi yake, na likishapandwa halihamishwi. Babu yenu alikuwa hapiti hata karibu nalo na jembe." Aliupima ule mstatili kwenye kioo cha simu kwa kidole. "Huyu mtu hakuwa na shamba Kenya, hakuwa na shamba hapa. Alikuwa na hiki kipande tu. Pa kulala milele."

Alitazama ukuta, dari, mlango.

"Mmempa nyumba," alisema. "Na mimi nimekunywa chai yake ndani yake."

Nilimpigia Anaclet. Aliacha kazi ya watu akaja kwa taksi, na njia nzima kutoka langoni alikuwa anajilaumu.

"Mimi niliuliza," alisema. "Madame akasema pembeni. Pembeni njo ku coin, non?"

"Ni kosa langu," Jedidah alisema. Sijawahi kumsikia akisema hivyo, si utotoni, si ukubwani.

Tuliyarudisha saa tano mchana, jua likiwaka. Mashimo ya zamani yalionekana bado, udongo wake laini. Lavenda ambayo Jedidah alikuwa ameipanda katikati ilikuwa imekauka yote, ya siku sita tu, imekuwa vumbi mkononi. Tuliing'oa kwa vidole, bila jembe. Anaclet alishika picha ya simu, akapima kwa mpini, akasogeza ua moja nusu shibiri, akapima tena. Kikombe nilikizika mimi mwenyewe kwenye shimo la nne, kifudifudi. Nanaa tuliitoa kwenye chungu tukairudisha palepale.

Tulipoinuka, Mama alikuwa amesimama uwanjani nyuma yetu, na mkoba wake.

"Tumechelewa kwa daktari," alisema.

Tumbili walirudi siku ile ile jioni, wakaiba maparachichi mawili. Sijawahi kufurahia kuibiwa kama siku ile.

Wiki mbili zilipita bila chochote. Hakuna chai, hakuna harufu. Mama alikula, alinenepa, aliangalia tamthilia za Kizulu asizozielewa na akatusimulia visa vyake vyote. Siku ya safari nilipakia masanduku kwenye gari mapema. Jedidah alikuwa kwenye usukani. Mama alifungua mlango wa gari, akaufunga tena.

"Siwezi kuondoka kwa mtu bila kuaga," alisema.

Nilipaswa kumzuia. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi sana. Lakini alikuwa anatembea vizuri, kulikuwa kweupe, ndege wakipiga kelele, na sisi tumelelewa hivyo: mgeni haondoki kimyakimya. Alikwenda hadi kwenye tuta la viungo, akasimama nje ya maua, si ndani. Alizungumza Kikuyu kidogo. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya kutosha watu wawili, maneno ambayo kila Mkenya husema akitoka mahali, hata kama anatoka moja kwa moja na hana nia ya kurudi.

"Haya. Wacha nikuje."

Anaclet, aliyekuwa anafagia majani, aliinua kichwa.

"Maman anaenda ao anakuja?" aliniuliza.

"Anaenda," nilisema. "Sisi tunasema hivyo tu."

Hakucheka. Alitazama lile tuta, akatazama gari likitoka langoni. "Na yule naye anajua ni hivyo tu?" aliuliza. Nilimwambia aendelee kufagia.

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Jumatatu ya wiki hii, Septemba tena, Jedidah alinipigia saa mbili asubuhi. Hakusalimia.

"Njoo," alisema. "Mlete Anaclet."

Tulimkuta uwanjani na nguo za kazini, miguu mitupu. Tuta lilikuwa zuri, kila mmea mahali pake kama kwenye mchoro wake. Yale manne yalikuwa yameota majani mapya. Kando yake, upande wa kushoto, yalikuwepo mengine manne.

Hayakuwa machanga. Mashina yake yalikuwa manene, ya miaka. Udongo ulikuwa mgumu, haujachimbwa, na moto wa jua ulikuwa umeupasua nyufa ndogo ambazo zilipita kati ya mashina bila kukatika. Jumapili, Jedidah alisema, hapakuwa na kitu. Alikuwa amepalilia mwenyewe.

Anaclet alilaza mpini wa jembe chini. Alipima polepole, akapima tena.

"Hiki iko kifupi," alinong'ona. "Mupini moja na nusu."

Sikuhitaji kuambiwa. Kimo kile nakijua. Kinanifika kwapani.

Jedidah aling'oa ua la kwanza kwa mikono yake, analia, udongo umemjaa hadi viwikoni. Mimi nikang'oa la pili. Anaclet alikuwa anatukataza kwa Kifaransa, hatukumsikiliza. Tuliyang'oa yote manne tukayatupa nje ya lango, kwenye pipa la taka. Tulipogeuka kurudi yalikuwa yamesimama palepale. Nyufa za udongo hazikuwa zimekatika. Mikono yetu ilikuwa safi.

Nilimpigia Mama. Nilikuwa nimeamua kumwambia kitu kimoja tu: asisafiri mwezi ujao kama tulivyopanga, jicho la pili litafanyiwa Nairobi, mimi na Jedidah tutakwenda huko tukae naye. Alipokea haraka, kwa furaha. Nyuma yake nilisikia sauti ya kike ikitangaza ndege.

"Mama, uko wapi?"

"Nilitaka niwashtukize," alisema. "Niko hapa Jomo Kenyatta, tumeshaitwa. Billy, mwaka mzima moyo wangu haukutulia. Kila saa kumi nasikia kama nimeacha mtu anangoja."

"Mama, rudi nyumbani. Nakuomba. Usipande hiyo ndege."

"Wewe nawe! Niliahidi."

Jedidah alikuwa ameingia jikoni kunawa. Nilimsikia akiniita, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Niliingia na simu ikiwa sikioni. Juu ya meza palikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kile nilichokizika kwa mikono yangu, na udongo bado umeganda kwenye kishikio chake. Karibu yake kulikuwa na cha pili. Sawasawa na cha kwanza, ila kipya kabisa. Hicho cha pili kilikuwa kimefunikwa na kisahani.

Anaclet alikuwa nje, hakuwa ameona kitu.

"Billy?" Mama alisema kwenye simu. "Mwambie asiifunike chai yangu. Sitachelewa."